Mafundo ya Ukindu

Harufu ya ukindu unaochemka kwenye sufuria la rangi hunipandisha hasira mpaka leo, nami ni mtu mzima mwenye wajukuu. Miaka ya hamsini, skuli zikifungwa, nilitolewa nyumbani Mji Mkongwe nikapelekwa kusini ya Unguja kwa bibi yangu, Bi Mize, msuka mikeka. Msitu ulianzia nyuma ya banda lake la kuku, na ukindu wote wa kusukia mikeka kijijini ulitoka humo. Upande uliokwisha kukatwa ulipumzishwa mpaka majani machanga yarudi, na aliyeamua upande gani upumzike ni bibi. Alifunga mafundo ya ukindu mkavu kwenye miti ya mwanzo wa njia ya upande huo, na hapo hapakupita mtu na kisu, hata mke wa sheha.

Msimu mmoja akaja mpimaji wa serikali na darubini yake ya miguu mitatu. Alisema anachora ramani ili msitu uhifadhiwe na wageni waje kuutazama. Bibi alifurahi kweli, akadhani amepata mwenzake. Alimpikia mkate wa kumimina, kisha akaniita.

"Naam, bibi."

"Kafungue mafundo yote. Mgeni hapitishwi penye fundo, ni kumfukuza huko."

"Yote?"

"Yote. Akishaondoka ntayafunga tena."

Nikayafungua mbio mbio, nikayatia kwenye pakacha, nikijiona mtu wa maana. Mpimaji akapita siku tatu kwenye njia tupu. Hakuuliza kitu, nasi kwa adabu zetu za kipumbavu hatukumwambia kitu.

Ramani ilipotoka, msitu uliandikwa kuwa hauna mwangalizi. Bibi alipokwenda kufunga mafundo yake, akamkuta mlinzi aliyevaa kaptula, akarudishwa mbele yangu kama mwizi.

"Lakini mimi ndiye nnayeufunga," alimwambia.

Mlinzi akamwonyesha karatasi ya kukataza mtu kuingia kukata. Bibi hakujua kusoma. Ukili, ule ukanda wa mkeka aliokuwa akiusuka, ulibaki umeviringwa ukutani mpaka alipokufa, na mikeka ya nyumba ile ikawa inanunuliwa sokoni.

Mwaka jana niliwapeleka wajukuu zangu kwenye msitu ule. Mlangoni pana ramani kubwa ya rangi, na kijana mtembezaji, mpole na msafi, akawaeleza watalii kwamba msitu huu haukuwahi kuwa na mtu wa kuutunza mpaka ulipochorwa. Watu wanasafiri kutoka mbali kuja kuona miti ambayo bibi yangu aliipumzisha kwa mkono wake, na jina lake halimo hata pembeni. Nikatoa mkobani uzi wa ukindu, nikaufunga fundo kwenye mguu wa ubao wa ile ramani.

"Shikamoo, bibi," kijana akasema. "Samahani, hapo hapafungwi kitu. Naomba ulifungue."

"Marahaba. Fungua mwenyewe," nikamwambia. "Mimi nshafungua mara moja."