Nyumba Isiyo na Ukuta wa Jiko

Ni ule mwaka tuliokula michembe asubuhi, mchana na jioni. Mahindi yalinyauka yakiwa kimo cha goti, mpunga hata usiniulize, na pamba hailiwi. Tulibaki na viazi tulivyovikatakata na kuvianika juani msimu uliotangulia. Tukavichemsha, tukavila na karanga. Karanga zilipokwisha, tukavila na maneno. Mwaka huohuo, matumbo yamejaa michembe, wanangu wakanijengea nyumba ya kisasa hapa Bariadi, nje kidogo ya mji.

Aliyeichora ni mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa kwanza. Amesomea kuchora majengo, wa kwanza katika ukoo wetu, na nikiwa sokoni namtaja kwa sauti hata kama aliyesimama karibu yangu ni muuza dagaa ambaye hajaniuliza kitu. Mimi niliishia darasa la nne. Yeye anachora ngazi zinazopinda.

Alikuja na karatasi kubwa, akaitandaza juu ya mkeka.

"Bibi, hapa sebule, hapa pa kulia, hapa jiko. Vyote vimeungana."

Niliona mistari. Nikasema sawa. Nilidhani ukuta wa jikoni ni kitu cha kuja baadaye, kama milango. Basi nikaungoja. Kila fundi alipomaliza upande mmoja nilimwuliza.

"Fundi, ukuta wa jikoni mnajenga lini?"

"Jiko limekwisha, bibi."

"Limekwisha wapi? Nikisimama hapa namwona mtu aliyekaa sebuleni mpaka kucha za miguu."

"Ndiyo usasa, bibi."

Yakaja madirisha ya vioo kutoka sakafuni hadi juu. Ikaja jipsamu ya darini. Hata bati za paa wamezificha nyuma ya ukuta, kana kwamba tumeziiba. Lori la mwisho nikalikimbilia nikijua tofali zangu zimo humo, kumbe ni viti. Makochi ya kijivu, mafupi, ukikaa magoti yanakusalimia. Na stuli nne ndefu za kaunta, ambazo mtu wa umri wangu anapanda kwa hasira na kushuka kwa maombi.

Sasa, mbele ya kile kioo kikubwa cha dirisha, uani, lipo jiko langu la zamani. Tofali mbichi, mafiga matatu, masizi mpaka kwenye mbao za paa. Nimewapikia humo watoto saba. Mjukuu wangu alisimama ndani, nyuma ya kioo hicho, akafumba jicho moja, akasema:

"Bibi, lile tutalivunja Jumamosi. Linaharibu picha."

Picha zilikuwa jambo kubwa. Kuna ofisi huko Mwanza ilimwambia alete picha za nyumba aliyoichora mwenyewe, wakiipenda watamwajiri. Nyumba yenyewe ndiyo hii yangu. Hana nyingine. Na jiko langu lilikuwa limekaa katikati ya picha kama ng'ombe aliyelala barabarani.

Nikamwambia, "Jiko langu halivunjwi. Asiyetaka kuliona ageuze shingo."

Akacheka. Alidhani natania.

Alhamisi akaja mkwe wangu kutoka Maswa, mume wa binti yangu wa mwisho, kuitazama nyumba. Kwetu mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni, hawapeani mkono, na mmoja hamwoni mwenzake akila. Salamu hupita nyuma ya ukuta. Siyo chuki, ni heshima. Na kusema kweli ni raha pia, maana nyuma ya ukuta unaweza kumkunjia mkwe uso utakavyo.

Nilikuwa nakaanga kuku kwenye jiko la gesi, mlango ukafunguka, mkwe akanisalimia Kisukuma na kuniita mama:

"Mwadila, mayo!"

Nikadondoka nyuma ya kaunta kama gunia la pamba.

"Mwadila, baba!" nikajibu kutoka sakafuni. "Karibu ukae!"

Masikini mkwe wangu, ana adabu. Akageuzia uso ukutani. Ukutani mjukuu ametundika kioo cha kujitazama, kikubwa kama mlango, eti kinapanua sebule. Humo nikaonekana mimi, kilemba na vyote. Akageukia televisheni. Ilikuwa imezimwa, nyeusi, inang'aa, nimo humo tena nimechuchumaa. Mwishowe akalala chali kwenye lile kochi fupi na kujifunika uso kwa kofia, kama maiti aliyekuja kutembea.

Tukakaa hivyo. Mafuta yanapasuka.

"Mayo," akasema chini ya kofia, kwa upole, "kuku anaungua."

"Najua, baba. Hata mimi ananinukia."

Mjukuu akaingia. Akaona mwanaume amelala na kofia usoni, moshi umetanda, na jikoni hakuna mtu.

"Bibi! Umepotelea wapi?"

"Nimo ndani ya mchoro wako!"

Akazima gesi, akaenda kuleta shuka la kitandani, akalinyanyua juu kwa mikono miwili. Nikatambaa nyuma ya shuka mpaka mlango wa uani, yeye akinifuata pembeni kama anaswaga ndama. Nilipofika kwenye jiko langu la zamani nikanyoosha mgongo, nikawasha kuni, nikachemsha michembe. Kuku tulimkwangua, akaliwa hivyohivyo.

Mkwe alipokula akashiba, akatoka, akaja kusimama nyuma ya ukuta wa tofali mbichi. Ukuta ule una ufa ambao sauti inapita na jicho halipiti. Tuliongea sana. Tukaongea mvua, tukaongea ng'ombe wake wawili waliokonda, na binti yangu ambaye sasa ananenepa kwa sababu nzuri, mambo ambayo kwenye lile kochi asingeyasema hata ungempiga.

"Nyumba nzuri, mayo," akamalizia. "Shingo tu ndiyo inauma."

Mjukuu wangu alikuwa kwenye kigoda pembeni yangu, masizi kwenye suruali yake nyeupe, anasikiliza yote. Mgeni alipoondoka, akanishika mkono.

"Bibi, nimekosea. Nitakujengea ukuta ndani, na mlango. Kesho asubuhi. Kile kioo cha kujitazama nakitoa. Lakini hili livunjwe. Picha zinatakiwa Jumatatu. Ni kazi yangu, bibi."

Hapo alinichoma. Kazi ile naitaka kuliko yeye anavyoitaka. Sokoni nilishawaambia ameipata.

"Nitakusaidia," nikasema. "Nitafagia uwanja. Nitalisiriba kwa udongo mweupe. Nitavaa gauni la kanisani nikae mlangoni, unipige picha."

"Wataniuliza kile ni nini."

"Waambie ni jiko. Lile la ndani uwaambie ni sebule yenye moto."

Alitaka kucheka, midomo ikamkatalia. Machozi yalikuwa karibu, niliyaona, na moshi haukuwa mwingi kiasi hicho.

Jumamosi nilikuwa nimeshalisiriba. Udongo haujakauka vizuri fundi akaja na nyundo kubwa begani, amesahau kwamba aliambiwa asije, au hakuambiwa. Mjukuu alikuwa ndani, nyuma ya kioo, simu ya kupigia picha mkononi. Nikatoa kigoda, nikakiweka mlangoni, nikakaa na gauni langu la kanisani. Nikamtazama fundi, kisha nikamtazama yeye huko ndani, nikasema kwa sauti ya kupita kwenye kioo:

"Jiko langu halivunjwi. Asiyetaka kuliona ageuze shingo."