Kitufe cha Fundi Saa

Fundi Saa alikuwa na mikono mitulivu na mdomo usiotulia. Mikono ile ilishika skrubu ndogo kuliko punje ya mchele, lakini mdomo, we acha tu! Ukimpelekea saa asubuhi unatoka adhuhuri, na hujapata hata nafasi ya kusema imeharibika nini.

Mdomo huohuo ndio uliomponza. Siku ya msiba wa mama yao, mdogo wake alifika watu wameshatoka makaburini. Kabla hajajieleza, Fundi akamfokea mbele za watu: "Kuanzia leo sina mdogo wangu!" Mdogo mtu akageuza na begi lake begani, hata maji hakunywa. Baadaye ikajulikana kwamba habari za msiba zilimfikia zimechelewa siku mbili. Fundi akapiga simu, haikupokelewa. Akaandika barua, kimya. Miaka tisa ikapita hivyo.

Sasa, Mwokaji wa mikate alikuwa mteja wake, tena mwanachama wa klabu ya redio, wale watu wanaozungumza na wenzao wa mbali kwa mitambo yao wenyewe, kwa kupenda tu. Siku moja akamwambia, "Fundi, kuna bwana yuko kituo cha hali ya hewa huko milimani. Kila Jumamosi saa kumi jioni yuko hewani. Anacheka kama wewe, nikamuuliza kwao wapi. Ni mdogo wako yule."

Fundi alifunga duka siku ileile akaenda klabu: chumba kimoja nyuma ya gereji, meza mbili, nyaya tele, antena juu ya bati. Mwenyekiti, mwalimu mstaafu, hakumung'unya maneno: bila leseni hugusi kipaza sauti. Basi mzee wa miaka sitini na moja akaanza kukariri masafa na mikondo ya umeme. Mtihani wa kwanza akafeli. Wa pili akafeli. Mkewe akamcheka, kisha akamwonea huruma, akawa anamuuliza maswali huku anaosha vyombo. Wa tatu akapita. Lakini ilishakwenda miezi kumi na minne, na kifua cha mdogo wake kilikuwa taabani. Jumamosi ya kwanza baada ya leseni ndiyo ilikuwa ya mwisho kabla mdogo mtu hajateremshwa mjini kupasuliwa.

"Kumbuka," Mwalimu alimwambia, "ukibonyeza kitufe unasikika, lakini wewe husikii. Sema kidogo, achia, sikiliza."

"Nimeelewa, Mwalimu. Mimi si mtoto."

Saa kumi sauti ya mdogo wake ikaja, nyembamba, inakohoa, inamwita, maana Mwokaji alishampasha habari. Fundi akabonyeza. Akaanza na mama alivyougua, akaja kwenye barua, simu, mitihani, mke, duka, analia na kusema, anasema na kulia. Neno "nisamehe" aliliweka mwisho kabisa.

"Achia!" Mwalimu alimshika bega. "Achia, Fundi!"

Akadhani anaambiwa anyamaze, akazidi kukibana. Dakika saba, jamani! Dakika saba nzima! Alipoachia, chumba kilijaa mvumo mtupu. Wakaita mpaka saa kumi na moja, asijibu mtu.

Mdogo wake hakutoka hospitali. Akazikwa hukohuko.

Kumbe mgonjwa naye hakungoja zamu yake. Alibonyeza cha kwake akasema wakati kaka yake anasema, na hakuna aliyemsikia mwenzake. Kama lile "nisamehe" lilimfikia, hakuna ajuaye. Mwokaji peke yake, aliyekuwa akisikiliza kwa redio ya nyumbani kwake, ndiye aliyezinasa sauti zote mbili, ya Fundi ikiifunika ya mdogo wake.

Siku hizi leseni imo ndani ya droo na Fundi haendi klabu. Jumamosi anakwenda kwa Mwokaji, anakaa kwenye gunia la unga, yeye ambaye zamani hukuweza kumkatiza, na anauliza swali lilelile.

"Hebu niambie tena. Alisemaje?"

"Alisema, 'Kaka.'"

"Halafu?"

Mwokaji anapangusa mikono, hamtazami.

"Halafu nikakusikia wewe tu."