Sabufa yangu ilivuma wiki nzima, kumbe kelele zilikuwa zinatoka kwenye friza la jirani

Wakuu, salamu kwenu, mlioko kazini na mliokwama kwenye foleni ya Tegeta. Kisa hiki kimenikuta mwenyewe, na chumvi pekee iliyomo ni ile niliyoimwaga kweli, mtaikuta huko mbele. Naandika huku nacheka peke yangu hadi wife ananiangalia kwa jicho baya.

Iko hivi.

Baba mkwe wangu ni mwalimu wa kwaya mstaafu, anaishi Njombe. Mama mkwe, Mungu amlaze pema, alikuwa muimbaji wake. Iko kaseti moja tu duniani ambamo anaimba ubeti mzima peke yake. Ilikaa kabatini miaka, mzee hana hata redio ya kuichezea.

Nikaichukua, nikampata mtaalamu, akanihamishia kwenye flash.

Mzee alikuwa aje Jumapili kwenye ibada ya kuweka wakfu nyumba yetu. Mimi na mdomo wangu nikamwambia kwenye simu, "Baba, utamsikia Mama kama yupo sebuleni."

Akaniambia nirudie, nikarudia. Kisha akasema, "Usiniahidi kitu hicho kama huna hakika."

Nikasema nina hakika. Wakuu, sikuwa na hakika yoyote.

Jumatatu nawasha mtambo kujaribu, sabufa ikaanza: mmmmmmmmm.

Wimbo wenyewe ni wa sauti tupu, hauna hata kinanda. Kila Mama akishusha sauti humsikii tena, unasikia mashine ya kusaga. Nilitaka kulia.

Nikabadilisha kebo. Mmmmm. Nikaihamishia sabufa pembe nyingine ya sebule. Mmmmm. Nikaipakata kwenye bodaboda hadi Manzese kwa fundi wangu wa redio. Akaiwasha pale kwenye meza yake, kimya kabisa.

"Braza, sabufa nzima hii. Labda nyumba yako ndo mbovu."

Nilikasirika jamani! Nyumba mpya, haijamaliza hata kunuka rangi, mtu anaiita mbovu. Nikaondoka bila kuaga.

Nikaja kuuliza humuhumu jukwaani. Mkuu mmoja (hujambo mkuu, sijakusahau) akanishauri nikate pini ya earth kwenye plagi. Nikashika koleo. Wife akasimama mlangoni, akasema, "Baba Nuru, ukifa kabla ya Jumapili nitamwambia nini baba?"

Koleo likarudi kwenye droo. Msikate hiyo pini, wakuu, ndiyo inayowalinda.

Jumatano nikasikia kwamba earth rod, ile nondo inayopeleka umeme ardhini, ikizungukwa na udongo mkavu haifanyi kazi vizuri. Nikaenda nje na ndoo ya maji ya chumvi, nikaimwagilia kama mchicha. Narudi ndani, mngurumo umeongezeka mara mbili!

Hapo nikaanza kufikiria kumdanganya mzee kwamba flash imeingia virusi.

Alhamisi nikakaa sakafuni mbele ya mtambo, nikausikiliza kama daktari. Ndipo nikagundua kitu: haivumi muda wote. Inavuma dakika kadhaa, inapoa, inaanza tena.

Nikachomoa kila kitu kilichounganishwa na amplifaya, kimoja kimoja. Simu haikuwa tatizo. Flash haikuwa tatizo. King'amuzi nikakizima kabisa, bado inavuma. Nikafungua ile kebo ya dishi nyuma ya king'amuzi.

KIMYA.

Nikairudisha. Mmmmm. Nikaitoa. Kimya. Nilirudia kama mara kumi nikicheka mwenyewe, wife akaja kunigusa paji la uso.

Sasa lile dishi si letu. Tunachangia na jirani, Mama Zuhura, mama wa watu kutoka Masasi anayeuza barafu na juisi ya ukwaju kibarazani kwake. Kebo inatoka kwenye dishi lake, inapita juu ya ukuta, inaingia kwetu. Nikairudisha mahali pake, nikaenda kwake kuchunguza.

"Shikamoo Mama Zuhura."

"Marahaba mwanangu. Mbona unahema?"

Nikasema nianze na juisi kwanza. Nikanyoosha mkono kwenye friza.

"Weye! Vaa ndala!"

Naangalia chini, kuna jozi ya ndala za bluu, zimepangwa vizuri kwa ajili ya wateja.

"Friza hilo lina tabia," akasema. "Ukiligusa peku linakung'ata. Watu wote hapa washazoea."

Wakuu, nywele zilinisimama. Wakati huohuo friza likaanza kuunguruma. Nikampigia wife.

"Inavuma?"

"Imeanza sasa hivi."

Tukasubiri. Friza likazima.

"Na sasa?"

"Imenyamaza."

Nilirukaruka pale kibarazani na ndala za watu miguuni.

Kesho yake fundi umeme akaja. Akasema friza linavujisha umeme, na nyumba ya Mama Zuhura haina earth, kwa hiyo umeme ule ulitafuta njia nyingine ya kwenda ardhini. Ukaipata kebo ya dishi, ukapita kwenye mtambo wangu hadi kwenye earth yangu. Na mimi nilivyoimwagia chumvi, nikaurahisishia njia.

Akaufuata waya wa earth wa Mama Zuhura kutoka kwenye mita. Ukaishia kwenye msingi wa ukuta wetu, umekatwa.

Mwaka jana tulipojenga ule ukuta, mwashi aliniuliza, "Bosi, huu waya vipi?" Nami nimesimama mikono kiunoni, hata sikuinama kuutazama, nikajibu, "Wa zamani huo, kata."

Nikamwambia Mama Zuhura palepale. Aibu niliyoisikia, acha tu.

Akanikazia macho. "Mwaka mzima nawavisha watu ndala kwa sababu yako?"

Akacheka hadi akakalia ndoo. Halafu akawatazama watoto watatu waliokuwa wanasubiri barafu, miguu mitupu, kicheko kikakatika. "Alhamdulillah," akasema.

Tukaweka rod mpya na waya mpya kwa gharama zangu, friza likatengenezwa. Sabufa ikatulia tuli.

Jumapili mchungaji akamaliza maombi, nikabonyeza. Ikasikika mikwaruzo ya kaseti, kisha Mama akivuta pumzi. Ile pumzi sikuwahi kuisikia wiki nzima. Mzee akainua mkono na kuanza kumwongoza, ubeti wote, macho amefumba.

Wimbo ukaisha. Nilishajiandaa kumpa pole.

"Ameingia mapema," akasema. "Siku zote nilikuwa namwambia, mke wangu, unaingia mapema."

Akafuta machozi, akanigeukia.

"Rudisha."

Nilichojifunza, wakuu: mngurumo wa sabufa usikimbilie kuilaumu sabufa, chomoa kebo moja moja hadi umpate mkorofi. Na kifaa chochote kinachotaka uvae ndala ndipo ukiguse, hakina tabia, kina hatari. Ita fundi leo.

Wenye mafriza ya kung'ata najua mmo humu. Semeni, nanyi waya wenu aliukata nani?