Wimbo Tuliomwimbia Mshtakiwa

Kuna watu mpaka leo wakiniona sokoni wananiita "mama wa wimbo", wanacheka, na mimi nacheka nao kwa sababu nitafanya nini, lakini moyoni naungua, maana wimbo huo ndio uliotupokonya uwanja wetu, na aliyeuanzisha ni mimi, kwa mdomo wangu huu huu, mchana kweupe, mbele ya kamati nzima ya madiwani.

Ilikuwa miaka ya tisini, huku kwetu ufuoni upande wa Kendu Bay. Tulikuwa na uwanja wa kuanikia omena, wale dagaa wadogo wa ziwani, ardhi ya baraza la madiwani, si ya mtu, mama zetu walianika pale na sisi tukaanika pale. Asubuhi moja diwani wetu (tuliyempigia kura wenyewe, tena kwa kukimbia) akaja na vijana na seng'enge, akauzungushia wote, akasema ni ploti yake. Rafiki yangu Min Akoth, mjane ambaye hakuwa na kazi nyingine ila omena, alisimama mbele yake akamuuliza nani amempa. Akasukumwa, akaangukia ile seng'enge, mkono ukachanika mpaka kwenye kiwiko.

Tukaambiwa diwani akikosea anashtakiwa kwa madiwani wenzake, kwamba kuna kamati, watamwita, watamhoji, na wakimpata na makosa atang'oa nguzo zake mwenyewe. Tukafurahi kama watoto. (Hakuna kati yetu aliyejiuliza hao wenzake ploti zao walizipata namna gani.)

Sasa siku ya kwenda ikafika, na hapo ndipo nilipojitia kitanzi, kwa jambo dogo tu la nguo. Min Akoth alitaka twende vile tulivyo, na mimi nikasema hapana, tutaenda kunuka omena mbele ya waheshimiwa watudharau? Tuvae sare ya kikundi, waone sisi ni watu wa maana. Na sare yenyewe, jamani, ilikuwa vitenge vya manjano alivyotugawia diwani huyo huyo wakati wa kampeni, lakini sare nyingine hatukuwa nayo, na nikajiambia kitenge ni kitenge.

Mjue pia kikundi chetu kilikuwa na kazi moja iliyojulikana kila mahali: kupokea wageni. Mkuu wa wilaya akija, sisi. Askofu akija, sisi. Wimbo ulikuwa mmoja, unabadilisha jina la mgeni tu, na mwanzishaji alikuwa mimi. Miaka ile mkubwa hakuingia mahali kimya kimya, lazima apigiwe vigelegele, na tulikuwa tumezoea hata miguu ilikuwa inajua kabla ya kichwa.

Basi tumekaa ukumbini, manjano tupu, karani wa baraza akachungulia mlangoni akatuona, uso ukamng'aa.

"Aah, kina mama mmefika! Waheshimiwa wanaingia sasa hivi. Si mtupokelee kidogo?"

Min Akoth akanivuta kitenge. "Yawa, tumekuja kwa kesi."

"Kidogo tu," nikamwambia, "tuwalainishe." Ndiyo, nilisema hivyo. Nilipanga kuimba "kamati yetu", basi, halafu tukae.

Nikaanzisha. Mlango ukafunguka, na wa kwanza kuingia hakuwa mwenyekiti, alikuwa yeye, mshtakiwa, ameshikana mkono na mwenyekiti wanacheka, na mdomo wangu (sijui niulaumu au niukate) ukatoa kile ulichozoea: "Diwani wetu, baba yetu, bila wewe tungekuwa wapi!" Na wenzangu wakaitikia! Wakasimama, mabega yakacheza, mama mmoja mzee akapanguza vumbi mbele yake kwa leso ili apite. Nilitaka kunyamaza lakini wimbo ukiwa umeshika moto huwezi kuuacha katikati, ni aibu, kwa hiyo nikaumaliza, beti zote. Min Akoth peke yake alibaki kwenye benchi, mkono wake wenye bendeji mapajani.

Mwenyekiti akangoja tukae. "Kina mama, hebu nielewe. Huyu mliyemwimbia ndiye mnayemshtaki?"

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Nikasimama, nikasema "mheshimiwa, sisi..." na kabla sijamaliza nikajikuta nimekaa tena, mimi ninayesikika mpaka ng'ambo ya pili.

Diwani akainuka taratibu. "Mwenyekiti, hawa ni mama zangu. Hata nyumbani watu wanazozana. Mmesikia wenyewe walivyosema. Ero kamano, asanteni sana, mama zangu."

Min Akoth akainua mkono, ule uliochanika, akaomba nafasi. Mwenyekiti akamwambia msemaji wa kikundi ameshasema, tena vizuri sana. Wakauliza nani anaunga mkono suala lifungwe, mikono ikapaa yote, wakapiga makofi, kwisha. Sisi wenyewe tukapiga makofi, mkono wa Min Akoth ukiwa bado juu. Tulikuwa wageni, kila mtu anapiga, ungefanyaje?

Halafu soda na mkate, na njaa ilikuwa inatuuma, tukala. Halafu mvua, na pikapu yake iko hapo nje, tukapanda. Min Akoth alikataa, akaondoka kwa miguu na mvua ikimnyeshea. Huku ufuoni watu wote walikuwa wametoka kungoja habari, na walichoona ni gari la diwani likileta mashahidi wake wamevaa manjano. Alitushusha kwenye geti lake, pale pale tulipokuwa tukianika. Walitugeuzia mgongo tu.

Leo pale kuna gesti. Min Akoth alianika kando ya lami kwa muda, omena ikajaa mchanga, wanunuzi wakamkimbia, akarudi kwa kaka zake. Alinipitia kuaga, nikaanza kulia, na yeye akaniambia, "Wewe hukunisukuma kwenye waya. Lakini niliinua mkono, na wewe ulikuwa unapiga makofi."

Sijaanzisha wimbo tena, hata kanisani. Na nikienda tena kumshtaki mkubwa yeyote, nitavaa nguo zangu za omena, ninuke vile ninavyonuka, na mtu akiniambia niimbe kidogo nitamwambia nimekuja kulia.