Fundi Kanda na Wimbo Uliotoka Mbio

Saa tatu asubuhi, Fundi Kanda ameinama juu ya mashine iliyofunuliwa tumbo. Anachovya pamba kwenye spiriti, anasugua kichwa cha kusomea kanda, kisha anaitazama pamba. Nyeusi tii.

"Huyu hajaoga tangu azaliwe," anasema, na kuchukua pamba nyingine.

Mashine hizi hurekodi sauti nne kwenye kanda moja, kila sauti na njia yake. Zimepitwa na wakati, lakini wanamuziki wenye studio za nyumbani wanazitafuta kama dawa. Fundi huyu wa miaka 46 amehangaika nazo miaka kumi na miwili katika chumba cha uani, nyumbani kwa mama yake. Katika kumi anazoletewa, hufufua nne.

Kilichomfika mwezi uliopita bado hakijamtoka mwilini. Hata mwandishi aliyesimuliwa tu alibaki mdomo wazi.

Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka 14, akaacha kanda moja. Ndani yake sauti nzito, ya polepole, inaimba: "Usichelewe, nangoja mlangoni." Kila mwaka familia huiweka kwenye redio kaseti na kulia.

"Dada yangu mdogo alikuwa mchanga wakati ule," anasema. "Baba anayemjua yeye ni ile sauti."

Dada huyo ndiye aliyeomba nakala. Fundi, ambaye siku zote aliogopa mashine mbovu isije ikaitafuna kanda, safari hii alikuwa na mashine nzima. Akatumbukiza kanda, akabonyeza.

Wimbo ukatoka mbio, wa kuchezeka, kwa sauti ya mwanamke.

"Nikasema mota imepagawa! Nikabadilisha mkanda wa mpira, wapi. Nikazungusha kitufe cha kupunguza mwendo hadi mwisho, baba haji."

Mama yake alikuwa amesimama mlangoni na beseni la nguo.

"Mwanangu, acha hicho kitufe," alisema. "Hivyo ndivyo nilivyoimba."

Mashine za njia nne huendesha kanda mara mbili ya mwendo wa redio, na kanda hii ilirekodiwa kwenye mojawapo. Kwenye redio, mwanamke huwa mwanamume, na ngoma huwa maombolezo.

"Nawaeleza wateja hilo kila siku," anasema fundi, akijishika kichwa. "Kweli mganga hajigangi."

Kwa nini mama alinyamaza miaka 32?

"Mlikuwa mmefiwa," anajibu mama huyo wa miaka 71. "Mmoja kasema 'huyo baba', wote mkashika. Ningewanyang'anya vipi?"

Sauti ya baba ilikuwa njia ya tatu, ambayo kwenye redio ilisikika kanda ikigeuzwa upande wa pili, tena nyuma mbele; familia ilidhani kanda imechakaa. Ni nyembamba, ya sekunde kumi na moja: "Mama watoto, umebana sauti. Rudia, njia moja bado."

Dada aliposikia, alilia kwa hasira. "Mmeniulia baba mara ya pili," alisema. Siku hizi hupiga simu kila jioni awekewe zile sekunde.

Njia ya nne ni tupu. Jumamosi ijayo, mama anataka kuimba humo, kwenye kanda ileile. Nakala zipo, ila fundi anahofu: akibonyeza njia ya tatu kimakosa, sauti halisi ya baba imefutika.

"Aimbe kwenye nakala," anamnong'oneza mwandishi.

Mama amesikia. Anaweka chini kikombe cha maji ya uvuguvugu.

"Aliniambia nirudie," anasema. "Nimemchelewesha vya kutosha."