Ndege ya Bibi

Kila nikipita kwa fundi wa baiskeli anayeziba tairi, harufu ya solisyo, ile gundi ya viraka, hunirudisha kwetu Cibitoke, Bujumbura, enzi za vita, wakati Baba alipounda ndege uani.

Msicheke bado. Baba alikuwa fundi wa pikipiki, na Bibi, mama yake mzazi, alikuwa amepooza miguu. Kwetu mgonjwa wa namna hiyo hubebwa kwa ingobyi, ile machela ya kusuka, na wanaume wanne wa mtaa, wala hakuna anayekataa zamu yake. Lakini wanaume wa mtaa wetu walishakimbia, mmoja mmoja. Baba akabaki na mabega yake mawili tu.

Basi akaanza kuunda. Mbavu za mianzi, mabawa ya shitingi, yale maturubai ya plastiki, yaliyogandishwa kwa solisyo, injini ya pikipiki puani. Mafundi wenzake walimtania kwamba itataga mayai. Penye nia pana njia, aliwajibu, na mimi nikaamini kabisa. Risasi zikianza kulia upande wa Kamenge, nilikimbilia kuipapasa ile ndege, na moyo ukatulia.

Siku aliyowasha injini, Bibi alikuwa amekalishwa ndani. Kuku walitawanyika, ndege ikasogea kidogo, ikagonga ukuta, ikazima. Bibi alicheka mpaka akatoa machozi.

"We mutoto," alimwambia Baba, "hii kitu itanifikisha wapi?"

"Itafika tu, Mama."

Asubuhi moja mapigano yaliingia barabara yetu. Baba alimbeba Bibi mgongoni, sisi tukifuata na Mama. Hata kona hatukuifikia, Baba akaanguka. Akainuka, akaanguka tena.

"Watoto watakufa juu yangu," Bibi alisema. "Unirudishe mu ndege yangu."

"Apana, Mama."

"Nimesema unirudishe."

Akamrudisha. Kupitia lango lililo wazi nilimwona akimfunga mkanda, akimtengenezea kitenge magotini, taratibu. Alipotufikia, tukaendelea kukimbia.

Mwenzenu nilifurahi. Niliona Bibi ndiye mwenye bahati, atatutangulia. Njia nzima nilitazama juu, Mama akinivuta mkono nisijikwae.

Nilishakuwa mtu mzima nilipokumbuka vizuri ndani ya ndege ile. Kulikuwa na kiti kimoja tu, kilichopimwa kwa kiuno cha Bibi. Rubani hakuwekewa pa kukaa.