Kaseti Niliyompelekea Mama Mkwe

Ijumaa jioni mama mkwe wangu mtarajiwa alinipigia simu akaniambia nimepeleka pepo nyumbani kwake.

“Kigen, ile kintu ulituletea iko na roho mubaya. Dimanche ukuje uibebe. Na ile mambo ya ndoa, tutaongea siku ileile.”

Akakata. Dimanche ni Jumapili, siku mbili tu.

Nikampigia Kethia, mchumba wangu. Hashiki. Nikatuma meseji. Kimya. Wasee, nikajua nimeisha.

Wacha niwaeleze ilivyoanza. Mimi ni nurse, naishi Lewisville, huku Marekani. Kethia ni Mkongomani, anaishi na mamake Houston, mtaa wa Gulfton, saa nne kwa gari kutoka kwangu. Mama Marguerite ni mama wa kanisa, hacheki ovyo, na alikuwa hajaamua kama nafaa.

Sasa huwezi kwenda ukweni mikono mitupu. Nikamwuliza Kethia mamake anapenda nini. Akaniambia kule kambini, walipokuwa wakimbizi, walikuwa na kale kagemu ka betri, ka matofali yanayoanguka, na mama alikuwa anakacheza mpaka vidole vinauma.

Nikasema hapo nimempata.

Jumamosi moja nikaenda kwenye soko la vitu vikuukuu nikanunua mashine ya gemu ya zamani. Ndani yake kulikuwa na kaseti moja ya kijivu, mbaya kuangalia, mbele ina swichi ndogo ndogo nyekundu. Nikaijaribu: ilikuwa na gemu tatu, na ya mwisho ilikuwa ya matofali. Sikungoja hata imalize. Nikafunga karatasi ya maua, nikapeleka. Mama akatabasamu kidogo, na mimi nikarudi Lewisville nikiimba njia nzima.

Kumbe ile kitu ina tabia. Unaanza gemu ya kwanza, unapita ya pili, unafika kwenye matofali. Ukishaanza tu kusikia utamu, pap! Inakata. Zinabaki namba kwenye skrini, basi. Ukiwasha tena, ni vilevile. Mama alikuwa anakatwa kila siku, palepale.

Hapo ndipo pepo alipoingia.

Jumapili nikashika barabara mapema. Nilipofika Houston nikapitia duka moja la gemu za zamani Sharpstown, nimtafutie mama kaseti ingine ya kuomba msamaha. Mwenye duka anaitwa Jordan, Mmarekani mpole mwenye ndevu. Nikamwonyesha picha ya ile kaseti kwenye simu.

Jordan akaweka kahawa yake chini.

“Hii haijaharibika,” akasema. “Ilitengenezwa kwa mashindano. Hizo swichi ni za kupanga muda. Kila mchezaji alipewa dakika zilezile, zikiisha inakata yenyewe, mwenye pointi nyingi anashinda. Zilitengenezwa chache sana. Ajabu ni kwamba wewe ni wa pili kuniuliza mwezi huu.”

Halafu akataja bei ambayo watu wanalipa.

Nikashika kaunta. Ile bei ingenunua gari langu na la jirani.

Nikarudi kwenye gari na shetani akakaa kiti cha mbele. Kigen, mama mwenyewe anataka uiondoe. Amekuita. Sema imeharibika, sema utaitupa. Nani atajua?

Kutoka Sharpstown mpaka Gulfton ni karibu mno. Sikupata hata muda wa kujidanganya vizuri.

Nikakuta meza imeandaliwa, fufu, sombe, yaani kisamvu, na samaki. Kethia haniangalii usoni. Kwenye kona ya meza kulikuwa na kifurushi cha kitenge kimefungwa fundo, juu yake Biblia.

Tukala. Kisha Mama Marguerite akanawa mikono polepole.

“Kigen, iyi kintu inazimaka yenyewe juu ya nini?”

“Mama, hizi vitu ni za zamani,” nikasema. Si uongo. Si ukweli pia.

“Bon. Ibebe, uende nayo.”

Akaondoa Biblia, akanipa kifurushi. Nikasimama. Nilikuwa nimefika mlangoni akaniita, akaja na kopo la plastiki limejaa sombe na samaki.

“Njia ni murefu. Utakula njiani, mwanangu.”

Mwanangu. Hajawahi kuniita hivyo. Mkono mmoja nimeshika mali yake, mkono wa pili chakula chake. Aibu ikanishika mpaka machozi yakanilenga.

“Mama,” nikasema, “hii si pepo. Ni kaseti ya mashindano, ina bei kubwa sana. Nimejua leo. Nilikupa wewe, kwa hivyo ni yako.” Nikamweleza yote, mpaka lile swali la nani atajua.

Kethia akaanza kulia, na mamake akaanza kucheka. Yule mama asiyecheka.

“Fungua,” akasema.

Nikafungua kitenge. Ndani kulikuwa na mche wa sabuni ya kufulia.

“Ulizani nitakupatia mali ukimbie nayo? Mi nilienda kwa Jordan mbele wewe ufike, mi na Kethia, na leo ametupigia simu akasema umeshajua bei. Nilimukataza Kethia kushika simu yako. Nilimwambia, akibeba na kunyamaza, asirudie hapa tena. Akisema kweli, nitakubali.”

Nikakaa chini bila kuambiwa. Ningeendesha mpaka Lewisville na sabuni, na mke sina.

Kaseti yenyewe ilikuwa kwenye mashine, mahali pake. Mama akawasha, akaniambia ninawe uso kwanza, halafu tukapokezana remote, akanifunga pointi mpaka nikajionea huruma. Alikuwa ameshajua muda unakata wapi, anakimbiza zile gemu mbili za mwanzo kama mtu anayewahi shifti.

Ndoa imekubaliwa. Kaseti itauzwa, mama anasema, siku akishinda rekodi yake. Na kwenye dot, yaani mahari, ameongeza kitu kimoja: gemu ya matofali isiyojizima.

Funzo langu ni hili, ndugu zangu. Ukitoa zawadi, iache mikono yako kabisa, hata ukigundua baadaye ni dhahabu. Na mama mkwe akikuuliza swali rahisi kupita kiasi, sema ukweli haraka. Jibu analo tayari.